Wafu Waitwe kwa Majina Yao



Ndugu zangu wa ukoo, pamoja nanyi nyote ambao wazee wenu walitoka Oman na Hadhramaut wakakaa Unguja na Mombasa, kisha wakapanda bara hadi Ujiji, Bujumbura na Kasongo, na leo watoto wao wametawanyika katika nchi hizi za baridi: ukurasa huu umezoea kuwapa habari za nasaba, za barua za kale, na za picha ambazo nyuma yake hakuna aliyeandika jina. Leo nazungumza juu ya watu ambao aghalabu tunawanyamazia, na nitaeleza kwa nini mahali pao pa kutajwa ni hapa hapa, penye kumbukumbu za ukoo.

Sababu ya kuandika ni ombi nililoletewa. Tangu nilipostaafu ukarani, kazi yangu hapa Brussels imekuwa kunakili daftari la nasaba yetu kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kilatini, ili wajukuu wasiosoma ile ya kwanza waweze kuisoma ya pili. Mwaka jana jamaa mmoja, ambaye sitamtaja, aliniandikia kwa adabu kubwa akiniomba nifute jina la kijana mmoja wa tumbo lake. Kijana huyo alizaliwa Ubelgiji akaandikwa mwana wa kiume. Sasa ni mtu mzima, anaishi kama mwanamke, na kitambulisho chake kina jina jipya. Jamaa yangu alimaliza barua yake kwa kusema kwamba, kwao wao, huyo amekwisha kufa. Nilimjibu kwamba daftari halimfuti aliye hai wala halimfuti aliyekufa. Habari ya jibu hilo imewafikia wengine, na wapo walioniuliza kama nimeiacha dini au nimelewa Uzungu. Makala haya ni jibu langu kwao wote.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Watu ninaowazungumzia hujiita transijenda: ni wale ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao siyo ile waliyoandikiwa siku ya kuzaliwa. Kila mwaka, tarehe 20 Novemba, hukumbukwa wale kati yao waliouawa, na majina yao husomwa hadharani katika miji mingi ya dunia, na mji wetu huu wa Brussels ni mmojawapo. Desturi hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1999 na Gwendolyn Ann Smith, kwa kumkumbuka Rita Hester, mwanamke mweusi aliyeuawa katika mtaa wa Allston, Boston, tarehe 28 Novemba 1998. Kilichowauma rafiki zake kilikuwa kifo chenyewe, na pia kwamba magazeti ya mji wao yalimtangaza kwa jina la kiume, kana kwamba mwanamke waliyemfahamu hakuwahi kuwapo. Alikuwa ameondolewa uhai, na sasa anaondolewa jina. Ndiyo maana ibada ya siku hiyo, kama naweza kuiita ibada, ni kusoma majina tu.

Shirika la TGEU, ambalo hukusanya habari za mauaji hayo duniani, lilihesabu 350 kati ya Oktoba 2023 na Septemba 2024. Sehemu kubwa yalitokea Amerika ya Kusini na ya Kati, na wengi waliouawa walikuwa wanawake. Hesabu hiyo ni ya wale tu ambao kifo chao kiliandikwa mahali fulani. Sisi ambao tumetafuta makaburi ya wazee wetu kando ya Ziwa Tanganyika tunajua vizuri ni wangapi hufa bila kuandikwa popote.

Sasa nirudi kwenye daftari. Mtu yeyote aliyewahi kushika nasaba ya Waarabu wa Pwani anajua kwamba ina mashimo. Baba anatajwa, babu anatajwa, na mlolongo unapanda hadi kabila lililoko Oman. Lakini mama mara nyingi hayumo, hasa akiwa suria. Mwanamke aliyenunuliwa, akazaa watoto wanne walioitwa kwa nasaba ya baba yao, katika waraka ameandikwa “ummu walad”, au hakuandikwa kabisa. Waliomfuta hawakuwa watu waovu wa hadithini. Walikuwa watu wa heshima, wenye kusali, waliodhani wanailinda sitara ya nyumba. Nanyi wajukuu, ndio leo mnaniandikia kutoka Rotterdam, Muscat na Toronto mkiniuliza: bibi yetu aliitwa nani? Sina la kuwajibu, kwa sababu karani wa wakati ule alitii alipoambiwa aache nafasi.

Tazameni pia habari ya Sayyida Salme binti Said. Huyu alikuwa binti wa Sultani Seyyid Said, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa ajili ya Mjerumani aliyempenda, akabatizwa Aden, akaolewa, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Aliporudi Unguja mwaka 1885, kaka yake Sultani Barghash alikataa kumpokea, na urithi wake hakuupata. Kwao alikuwa amekwisha kufa, ingawa aliishi hadi mwaka 1924. Na leo? Kitabu cha kumbukumbu zake, alichokichapisha mwaka 1886, husomwa na kila anayetaka kujua maisha ya ndani ya majumba ya Unguja, na Mji Mkongwe una nyumba ya makumbusho kwa jina lake. Siwataki mkubaliane na aliyoyatenda; wengi wetu hatukubaliani nayo mpaka leo. Nawataka muone tu kwamba aliyefutwa na wenziwe ndiye tunayemtafuta sisi. Hukumu ya kizazi kimoja juu ya nani awe mtu wa ukoo haijawahi kudumu.

Najua jibu litakalotolewa: Salme alikuwa mwanamke, na masuria walikuwa wanawake, lakini hili la transijenda ni uzushi wa Ulaya ambao wazee wetu hawakuujua. Kwa hili naomba ruhusa ya kutumia Kiarabu kidogo nilichosomeshwa.

Wazee wetu walikuwa na maneno. Walikuwa na neno “huntha”, kwa mtu ambaye maumbile ya mwili wake hayakuelekea wazi kwenye uume wala uke, na vitabu vya fiqhi vimempa milango mizima: anasimama safu gani katika sala, anarithi fungu lipi, anaoshwa na nani akifa. Huyo si lazima awe transijenda, na mambo haya mawili tusiyachanganye. Lakini fakihi aliyeandika milango ile hakudhani kwamba kila kiumbe huzaliwa ndani ya moja ya masanduku mawili yaliyofungwa. Walikuwa pia na neno “mukhannath”, kwa mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, aliwagawa hao mafungu mawili: mwenye kujifanya kwa makusudi, na aliyeumbwa hivyo. Huyu wa pili, alisema, hana lawama wala dhambi kwa alivyoumbwa.

Na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya mtu wa namna hiyo, aliyepaka hina mikononi na miguuni, akaletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Aliamriwa ahamishwe mji, na sitalificha hilo. Lakini masahaba walipouliza kama wamuue, jibu lilikuwa kwamba Mtume amekatazwa kuwaua wanaosali. Wanazuoni wamejadiliana juu ya isnadi yake, na mimi si mwanazuoni. Nauliza tu: ikiwa swali la kumuua liliulizwa mbele ya Mtume na likakataliwa, kijana wa Mombasa au wa Molenbeek amepata wapi ruhusa?

Na Oman yenyewe, ambako tunajifaharisha kuwa ndiko shina letu? Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Norwei, Unni Wikan, alikaa katika mji wa Sohar, akaandika mwaka 1977 juu ya watu walioitwa “khanith”. Ndilo neno hilo hilo lililoingia Kiswahili kama “hanithi” na kugeuka tusi. Alieleza kwamba watu hao walikaa pamoja na wanawake, wanawake hawakujifunika mbele yao, na waliimba katika harusi. Wataalamu wenzake walibishana naye juu ya maana ya aliyoyaona, wala hakudai kwamba watu hao walitukuzwa. Hawakutukuzwa. Lakini jirani zao waliwajua kwa majina, waliwaalika kwenye sherehe, na waliishi nao katika mtaa mmoja. Baadaye, mwaka 2018, Sheria mpya ya Adhabu ya Oman iliweka kifungo cha mwezi mmoja hadi mwaka mmoja kwa mwanamume anayejitokeza kwa mavazi ya kike. Basi kilicho kipya hapo ni kipi: mtu, au kifungo? Kuwait nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2007, na tarehe 16 Februari 2022 Mahakama yake ya Katiba iliibatilisha. Hiyo ni mahakama ya Kiarabu, katika nchi ya Kiislamu.

Tusisahau kadhalika kwamba vifungu vya “kinyume cha maumbile”, ambavyo leo hutetewa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kama urithi wa Mwafrika, mizizi yake imo katika sheria walizotunga Waingereza kwa ajili ya India mwaka 1860. Nami huona ajabu kwamba lugha yetu wenyewe ina huruma kuliko sheria hizo. Kiarabu humlazimisha msemaji achague: huwa au hiya. Kifaransa na Kiholanzi, lugha za mji huu, hufanya vivyo hivyo. Kiswahili husema “yeye”, kikasema “amekuja, amekula, ameondoka”, kisiulize zaidi. Bibi zetu waliweza kumzungumzia mtu siku nzima bila kumtaja ni wa kiume au wa kike, na hapana aliyeona upungufu.

Nimeulizwa: kwa nini ulichanganye suala la jina katika daftari na suala la mauaji? Kwa sababu la pili huanzia katika la kwanza. Muuaji wa barabarani hajitokezi hewani. Hutanguliwa na nyumba iliyosema “huyu si wetu”, na mtaa uliosikia ukajua kwamba hapatakuwa na wa kudai damu yake.

Angalieni kisa cha Doski Azad. Alikuwa mwanamke transijenda wa miaka 23, mpambaji wa maharusi katika jimbo la Duhok, huko Kurdistani ya Iraki. Mwili wake ulipatikana tarehe 31 Januari 2022. Mamlaka za huko zilimtaja ndugu yake wa kiume kuwa mshukiwa na zikatoa hati ya kumkamata. Naye ndugu huyo alikuwa akiishi Ulaya. Wahamiaji wenzangu, lishikeni neno hilo. Mara nyingi tunaamini kwamba ukali huu ni wa waliobaki nyumbani, na kwamba sisi tumestaarabika kwa kupanda ndege. Kumbe heshima ya ukoo huweza kusafiri ndani ya sanduku la mhamiaji, ikakaa Ulaya miaka, kisha ikarudi na tiketi ya ndege. Najua familia ambazo, kijana wao akionekana tofauti, humpeleka “likizo” kwao ili anyooshwe. Wazazi hao nawaomba wafikiri ni mikono ya nani wanayomkabidhi mtoto wao.

Na tazameni upande wa pili, kisa cha nchi hii tunayoishi. Ihsane Jarfi alikuwa kijana wa miaka 32, mtoto wa mhamiaji kutoka Morocco. Hakuwa transijenda, alikuwa mwanamume aliyependa wanaume, na aliuawa kwa ajili hiyo. Usiku wa Aprili 2012, mjini Liège, wanaume wanne walimchukua kwa gari, wakampiga na kumtesa, wakamwacha shambani. Mwili wake ulipatikana tarehe 1 Mei. Desemba 2014 watatu kati yao walihukumiwa kifungo cha maisha na wa nne miaka 30, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya Ubelgiji kuyatambua mauaji kuwa yametokana na chuki ya aina hiyo. Baba yake, Hassan Jarfi, alikuwa mwalimu wa dini ya Kiislamu. Angeweza kunyamaza, watu wangemwelewa, na pengine wangemshukuru. Badala yake alianzisha taasisi kwa jina la mwanawe, akawa anakwenda shule kwa shule kuzungumza na vijana, na mjini Liège ikafunguliwa nyumba yenye jina hilo hilo ya kuwahifadhi vijana waliofukuzwa au kukimbia makwao kwa sababu ya walivyo. Mzee huyo hakuiacha dini yake. Aliliandika jina la mwanawe mlangoni, watu waone.

Nikitafuta mfano wa kuufuata katika uzee wangu, naona huo unanitosha.

Sasa niseme juu ya haki, maana kukumbuka wafu bila kuwalinda walio hai ni kazi nyepesi. Mimi nimekuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na haki nazijua zaidi kwa umbo la karatasi. Mtu ambaye kitambulisho chake kinasema jambo moja na uso wake unasema jingine husimamishwa kila penye mlango: benki, posta, uwanja wa ndege, hospitali. Sisi wahamiaji tunajua uzito wa kusimamishwa. Tunajua afisa anavyogeuza karatasi mara mbili, na sauti inavyobadilika. Kwa transijenda ambaye karatasi zake hazijarekebishwa, siku zote ni siku ya mpakani.

Ubelgiji ilitunga sheria ya kwanza juu ya jambo hili tarehe 10 Mei 2007. Ilikuwa sheria ngumu: mtu alitakiwa cheti cha madaktari, na asiwe tena na uwezo wa kuzaa kwa jinsia yake ya awali. Yaani dola ilimwambia mtu, nipe kizazi chako nikupe karatasi. Sheria ya tarehe 25 Juni 2017, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, iliondoa masharti hayo. Sasa mtu mzima huenda kwa afisa wa vizazi na vifo katika ofisi ya manispaa, ile tuliyozoea kuiita komini, hutoa tamko lake, hungoja miezi isiyopungua mitatu, kisha hurudi kabla ya miezi sita kulithibitisha. Katikati, ofisi ya mwendesha mashtaka hupewa nafasi ya kuangalia kama kuna hila. Kama karani, naona huo ni utaratibu wa maana: wenye subira, wenye kumbukumbu, usiomdhalilisha mtu.

Wamedhurika nani? Nimeishi mji huu kabla ya sheria hiyo na baada yake. Msikiti wetu uko palepale, adhana zetu hazikuguswa, watoto wetu wameoa na kuolewa. Oktoba 2020 Petra De Sutter, mwanamke transijenda, daktari na profesa wa Ghent, aliapishwa kuwa naibu waziri mkuu wa nchi hii. Treni ziliendelea kuchelewa kama kawaida yake.

Na kuna jambo ambalo wengi wetu hawalijui. Ile tarehe 10 Mei 2007 ndiyo tarehe ya sheria zinazotulinda sisi pia: siku hiyo hiyo nchi hii ilitunga sheria ya kupinga ubaguzi kwa misingi ya imani na mengineyo, ikarekebisha sheria yake ya kupinga ubaguzi wa rangi na asili, na ikatunga ya kupinga ubaguzi kati ya wanawake na wanaume, ambayo mwaka 2014 iliongezwa maneno ya kuwalinda transijenda waziwazi. Ni safu moja ya matofali. Binti yako anyimwapo kazi kwa ajili ya mtandio wake, na transijenda anyimwapo nyumba ya kupanga, wanabisha katika majengo yaliyojengwa siku moja na fundi mmoja. Wale wanaotaka kung’oa tofali la jirani hawatauacha ukuta wetu. Tumeona sheria ya mwaka 2011 ya kukataza nikabu, na tangu mwaka 2019 tumeona Flanders na Wallonia zikikataza kuchinja bila kumtia mnyama ganzi. Kila mara hoja ilikuwa ile ile: desturi yenu inawakera wengi. Mtu aliyewahi kuambiwa neno hilo asiliazime akamwambie mwingine.

Huko kwetu nako ziko karatasi zilizopatikana kwa taabu. Tarehe 7 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti cha sekondari chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Fikirini: mtu alifaulu mtihani, alama alizipata kwa akili yake, na ilimpasa kwenda mbele ya jaji ili jina lake liwe juu ya alama zake. Uganda, Desemba 2008, Mahakama Kuu iliamua kwamba Victor Mukasa na mwenzake Yvonne Oyo walivunjiwa haki zao pale nyumba yake ilipovamiwa na wao kudhalilishwa, na ikawapa fidia. Ilisema jambo lisilohitaji elimu ya sheria: katiba inamlinda kila mtu na udhalilishaji. Miaka kumi na mitano baadaye bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kali ya mwaka 2023, na kwa hiyo hao wanaokuja Brussels kuomba hifadhi ni ndugu zetu wa lugha, wanaotuelewa tunapowasema kwenye basi.

Upande wa dini, sidai kwamba wanazuoni wameafikiana. Hawakuafikiana. Mwaka 1988 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliulizwa juu ya upasuaji wa kubadili jinsia, akajibu kwamba unafaa madaktari waaminifu wakiona ndiyo tiba, wala haufai kwa matamanio matupu. Iran, Ayatollah Khomeini alitoa ruhusa katika miaka ya 1980. Wengine wengi wanakataza, na anayewafuata ana haki ya kuwafuata. Lakini katika yote niliyosomeshwa sijaona aliyehalalisha kumwaga damu ya mtu huyu, kukata undugu wake, au kumnyima jina aliloridhia. Kinyume chake, Suratul Hujurat imekataza kuitana kwa majina ya kuudhi, na haikusema isipokuwa kwa fulani. Mwenye kuamini kwamba mtu huyu anakosea, na aamini. Mwenyezi Mungu ndiye atakayehesabu. Mimi na wewe hatukuajiriwa katika ofisi hiyo.

Basi nawaomba mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wa familia.

La kwanza, majina. Atakayeniletea habari za watoto wake kwa ajili ya daftari, aniletee wote, na kila mmoja kwa jina analoitika. Aliyebadili jina ataandikwa kwa jina lake la sasa; la zamani halitatajwa asipotaka mwenyewe. Huyo ambaye niliombwa nimfute ameandikwa: binti fulani bin fulani, na mlolongo wote nyuma yake hadi Oman. Nasaba si zawadi ya tabia njema. Ni habari ya nani alizaliwa na nani.

La pili, mlango. Kijana akikuambia jambo hili, usimjibu siku hiyo hiyo kwa mdomo wa ukoo mzima. Mpe chai, mpe kitanda, mpe muda. Kama huwezi kumwelewa, mwelekeze kwa wanaoweza. Hapa Brussels wapo Merhaba, ambao huwahudumia wenye asili ya ugenini kama sisi, na wapo Genres Pluriels. Akibaguliwa kazini au katika nyumba, iko Taasisi ya Usawa wa Wanawake na Wanaume, nayo hupokea malalamiko ya transijenda. Kijana mwenye pa kurudi usiku hauawi kwa urahisi.

La tatu, maziko. Tusikubali maiti wa kwetu azikwe na manispaa kama asiye na watu, ilhali ana shangazi watano katika mji huu. Tumsindikize. Tukihitilafiana juu ya nani amuoshe, vitabu vya wazee vina mlango wa huntha, na fakihi mwenye moyo atapata njia. Wazee hawakuacha maiti juu ya ardhi kwa sababu suala ni gumu.

Tarehe 20 Novemba majina yatasomwa tena. Mtakaoweza kwenda, nendeni mkasikilize. Hamtaombwa chochote zaidi ya kunyamaza kidogo. Mtakaobaki nyumbani, waulizeni wazee waliosalia kama yupo katika ukoo mtu aliyekuwa akitajwa kwa sauti ya chini, na mniletee jina lake kabla hawajaondoka nalo.

Wabillahi taufiki.